Mzee Tanuri na Sheria ya Jikoni

Mzee Tanuri alikuwa mwoka mikate tangu ujana wake. Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani, kwa sababu alilijua tanuri kuliko alivyoijua nyumba yake. Mji ukiwa bado umelala, yeye alikuwa ameshavaa koti lake jeupe na anakanda unga. Kisha siku moja akapewa mkono wa kwaheri, akapigiwa makofi, akaambiwa aende nyumbani akapumzike.

Kupumzika! Neno tamu mdomoni, lakini jaribu uone. Wiki ya kwanza alilala mpaka mgongo ukamuuma. Wiki ya pili alitengeneza mlango wa chumbani ambao haukuwa na kasoro yoyote, na tangu siku hiyo haufungiki. Alipokosa kingine cha kutengeneza, akahamia jikoni.

Jikoni kulikuwa na mwenyewe.

"Chumvi imezidi," alimwambia mkewe.

"Umeonja?"

"Naiona kwa macho."

Kesho yake alizipanga upya sufuria zote. Keshokutwa aliuliza unga ulinunuliwa lini. Siku alipofunua maharage kwa mara ya tatu kuangalia kama yanachemka, mkewe aliweka mwiko chini.

"Sikiliza, baba watoto. Kiwandani ulikuwa mkubwa. Hapa mkubwa ni mimi. Ukiingia jikoni kwangu, kaa kwenye kigoda. Unapewa, unakula. Huulizi, husahihishi."

"Hata kidogo?"

"Hata nusu ya kidogo."

Mzee Tanuri alikubali. Alikuwa mbishi, lakini akishatoa neno lake harudi nyuma. Kuanzia hapo kila alichowekewa mbele alikila kimya, na mkewe akapata nafasi ya kupika kwa amani.

Furaha yake kubwa ilikuwa mjukuu. Binti yao alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo, na kila asubuhi kabla ya kazi alimwacha mwanawe kwa babu na bibi. Mtoto huyo alikuwa na mashavu yaliyojaa na mikunjo mikononi, basi wote walimwita Bonge. Mzee Tanuri alimbeba, akamwimbia, akamweleza namna ya kukanda unga. Bonge alisikiliza kila kitu na hakumkosoa hata mara moja.

Mzee alikuwa na presha. Miaka kadhaa nyuma zahanati ilimpa dawa, kidonge kimoja kila asubuhi. Alikuwa akikimeza kiwandani, mikate ya kwanza ikitoka tanurini, na pakiti ilikaa mfukoni mwa koti jeupe. Hata baada ya kustaafu hakuiacha desturi hiyo. Aliamka alfajiri, akaingiza mkono mfukoni mwa koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akameza kidonge chake cheupe, akarudi kulala. Mkewe alikuwa bado usingizini.

Baadaye, wakati wa chai, alikuta kidonge kingine kwenye kisahani. Hiki kilikuwa cha rangi ya waridi.

"Meza hicho," mkewe alisema.

Mzee Tanuri alifungua mdomo aulize. Akakumbuka neno lake, akameza. Alidhani ni vitamini. Wazee wengi wanapewa vitamini, alijiambia.

Haikuchukua muda mwili ukaanza kumgeuka. Akiinuka kitini, kichwa kinazunguka. Akiinama kufunga viatu, akinyanyuka anaona giza. Alishika ukuta, akajifanya anaangalia rangi. Hakumwambia mtu. Aliwahi kuwaona wenzake waliostaafu wakaanza kuchechemea, kisha kusahausahau, kisha kutotoka nje kabisa. Aliogopa kwamba zamu yake imefika.

Jioni moja alikuwa amekaa na Bonge mapajani. Binti yake aliingia kutoka kazini.

"Mama yako huyoo!" Mzee alisema kwa furaha, akainuka haraka ampelekee mtoto.

Chumba kikazunguka. Mzee aliegemea ukuta na kuteleza nao mpaka chini, mikono ikimkumbatia mtoto kwa nguvu zote. Bonge hakuumia. Alicheka sana, akidhani ni mchezo mpya.

Binti hakucheka. Alimchukua mwanawe.

"Baba, umepatwa na nini?"

"Nimeteleza tu."

"Hukuteleza. Nimekuona."

Baadaye Mzee akiwa kitandani alisikia sauti kutoka sebuleni. Mlango ule wa chumbani, kama ujuavyo, haukufungika.

"Mama, baba amezeeka ghafla. Nitatafuta mtu mwingine wa kumwangalia mtoto."

"Utamvunja moyo."

"Na akimwangusha mtoto, je? Nitajisamehe vipi?"

Mzee Tanuri alivuta shuka hadi kidevuni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti yake alikuwa na haki. Hata yeye asingemwachia mtu kama yeye mtoto.

Asubuhi Bonge hakuletwa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Mzee alikunywa chai yake, akameza kilichokuwa kwenye kisahani, akatazama ukuta. Mkewe akashindwa kuvumilia. Alitoka moja kwa moja hadi kwa jirani yao muuguzi, akamkuta anafunga mlango aende kazini.

"Dada, mzee wangu ananipotea mikononi," alisema, na machozi yakamtoka.

Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mlete zahanati leo, mama. Tena mje na dawa zote mnazotumia nyumbani. Zote, hata ya kikohozi. Mzitie kwenye mfuko mmoja."

Zahanati ilikuwa na foleni, lakini ilisogea. Muuguzi aliwaamkia, akampima Mzee presha akiwa amekaa. Kisha akamwomba asimame, akampima tena.

"Baba, presha yako iko chini. Ukisimama inashuka zaidi. Mara ya mwisho haikuwa hivi. Hebu tuone dawa."

Mkewe alitoa kwenye mfuko dawa ya kikohozi, mafuta ya kuchua, na pakiti ya vidonge vya rangi ya waridi.

"Na mimi ninayo yangu," alisema Mzee Tanuri. Akatoa pakiti ya vidonge vyeupe kwenye koti.

Mkewe alimkodolea macho. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Mfukoni. Ndiyo dawa yangu ya presha. Naimeza kila alfajiri."

"Dawa yako ya presha ni hii hapa! Naiweka kwenye kisahani chako kila siku."

"Hiyo si vitamini?"

"Nani amekwambia ni vitamini?"

"Hakuna aliyeniambia. Si ulisema jikoni nisiulize?"

Mkewe alishika kichwa kwa mikono miwili. Muuguzi aliuma midomo asicheke, akashindwa.

Mambo yakaeleweka polepole. Mkewe alikuwa amefungua droo ya chumbani akakuta pakiti tupu ya zamani ya dawa ya presha. Akadhani mzee, tangu astaafu, amesahau kumeza. Hakutaka kumwaibisha kwa kumuuliza. Alichukua pakiti ile tupu hadi duka la dawa. Muuzaji akamwambia zile zimekwisha, lakini zipo hizi za waridi, zinafanya kazi ileile.

"Oneni," alisema muuguzi, akaweka pakiti zile mbili mezani. "Herufi kubwa hizi ni jina alilolitoa mtengenezaji. Kila kiwanda kina lake. Sasa someni herufi ndogo hapa chini. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe."

Mzee alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Ni mkate mmoja kwenye mifuko miwili," alisema.

"Ndiyo hivyo hasa, baba. Dawa hii inashusha presha. Ukiimeza maradufu inashusha kupita kiasi. Ukiinuka ghafla, damu haifiki kichwani ya kutosha. Ndipo unapata kizunguzungu."

"Kwa hiyo si uzee?"

"Uzee upo, baba, sitakudanganya. Lakini kilichokuwa kinakuangusha si huo."

Mzee Tanuri alishusha pumzi ndefu. Alihisi kama ametuliwa gunia la unga mgongoni. Mkewe alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Basi niziache zote," alisema Mzee.

"Hapana! Usiache kabisa. Presha ya juu inaweza kukaa mwilini bila wewe kusikia chochote, huku inakuharibu. Utameza kidonge kimoja, kila siku. Daktari atakuangalia leo, na utarudi tupime tena."

"Na nikisahau siku moja?"

"Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza cha kesho tu. Usifidie kwa viwili. Na kila ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Kichwa kikitulia, ndipo usimame." Kisha akamgeukia mke wa Mzee. "Mama, dukani wakikubadilishia dawa, njoo utuulize kabla ya kuitumia. Na nyie wawili ongeeni, jamani. Mmoja atoe dawa na mwingine ajue."

"Nitampa mimi, na chai," alisema mkewe.

"Jambo la mwisho. Baba, hilo koti lenye dawa unalitundika wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Na mjukuu wenu ameanza kutambaa?"

Mzee alilitazama koti lake. Ncha ya koti ilikuwa inagusa sakafu, na Bonge alipenda sana kuivuta.

Siku hiyohiyo vidonge vilihamia juu kabisa ya kabati la jikoni, pakiti moja tu. Nyingine walimwachia muuguzi. Na sheria ya jikoni ilirekebishwa. Mzee aliruhusiwa kuuliza, ila si kuhusu chumvi.

Kizunguzungu kilipungua, kisha kikaisha. Walipopima tena, muuguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Binti alielezwa yote, naye alifurahi, lakini moyo wake haukuwa umetulia bado. Alimrudisha Bonge kwa sharti kwamba bibi awepo muda wote. Kila asubuhi alisimama mlangoni akimtazama baba yake akiinuka. Mzee alimwona, akasubiri kwanza, akainuka taratibu, wala hakukasirika. Alimwelewa.

Kisha ikafika asubuhi moja ambayo binti alichelewa. Aliingia mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda sokoni," alisema Mzee Tanuri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, chai mkononi. Akakiweka kikombe chini, akangoja kuambiwa kwamba mtoto atapelekwa kwingine.

Binti alimtazama. Ilikuwa mara moja tu, na haikuwa kwa muda mrefu. Kisha akamweka Bonge mapajani mwa babu yake.

"Hajala, baba. Mimi nakimbia."

Akatoka. Mzee alimfuata kwa macho kupitia dirishani, akipita uani, akifungua geti, akikatiza barabara. Hakugeuka nyuma hata mara moja.