Chupa ya Luano

Asubuhi moja ya Aprili 1997, mizinga ikinguruma upande wa uwanja wa ndege wa Luano, Kasoki aliamka na maumivu kama ya msumari jichoni. Wifi yake Virginie alimwinua kidevu amtazame. Kwenye jicho la kulia palikuwa na doa jeupe, zito kama uji. La kushoto lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

Wiki tatu nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa leza huko Johannesburg, aachane na miwani.

Daktari alifika nyumbani kwao Makomeno, akamulika, akasema vijidudu vimeingia kwenye kioo cha jicho. Hakujua ni vya namna gani, na maabara zilikuwa zimefungwa. Akikosea dawa, macho yote mawili yangepotea.

Kasoki alikwisha kumhukumu wifi yake. Si ndiye aliyemwosha uso? Si ndiye aliyemcheka kwa kutaka urembo uzeeni?

Jirani yao Kapya, inspekta mstaafu wa polisi ya reli, aliketi kitandani akauliza taratibu. Virginie alikuwa akimwosha tangu siku ya kwanza, kwa maji ya kuchemsha, na macho yalikuwa mazima. Macho yalianza kumwasha lini? Kasoki alifikiri. Juzi, baada ya chupa mpya ya matone ya macho, ile mumewe Vital aliyoileta kutoka kwenye ndege ya Johannesburg, akisimulia jinsi alivyowapita askari.

“Na hii chupa iko sawa na ile ya kwanza?” Kapya aliuliza.

“Ile ilikuwa inachoma. Hii inatuliza tu, sawa na maji.”

“Ile ya kwanza, nani aliifungua?”

“Mi mwenyewe, na meno. Virginie alichekaka sana.”

“Na hii?”

“Vital. Aliileta imefunguliwa.”

Kapya alimwekea chupa mkononi. Kasoki alipitisha kidole gumba kwenye kifuniko. Vishimo viwili; kimoja kirefu, cha jino lake lililovunjika.

Aligeuza uso mlangoni, aliposimama mumewe.

“Vital,” alisema. “Hii njo chupa yangu ya zamani.”



“Sikufikaka Luano,” Vital alisema. “Pa barrière, kwenye banafunga barabara, ba soda na bunduki balikuwa banatosha muntu inje ya gari, banamupiga. Nikarudia. Naweza kuambia bibi yangu niliogopa? Nikaweka mu chupa ya zamani maji ya bidon, ile dumu ya ku jikoni. Nilisema, ndege itakuja kesho.”

“Maji ya kisima?” daktari aliuliza upesi.

“Ya kisima.”

Daktari alifunga mkoba wake. Vijidudu vya maji ya kisima alivijua, na sasa alijua dawa. Ilikuwa hospitalini, ng'ambo ya barrière ileile, na ilibidi jicho la kushoto liipate leo, kabla nalo halijapata doa.

Virginie alianza kulia. Kasoki alimtafuta kwa mkono, akamshika bega, akamwomba msamaha. Kisha akasimama, akaunyoosha mkono ule mwingine kuelekea mlangoni.

“Kamata mukono, Vital. Tupite pamoja.”

Vital aliushika. Akatangulia kutoka, bila kuuachia.