Neno la Siri la Karani Getrude

Wizi ulifanyika hadharani, saa nne asubuhi, mbele ya watu mia tatu, na mwizi wala hakukimbia.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka 1998, katika uwanja wa shule pale Majengo, mjini Mpanda. Bwana Method, msimamizi wa mradi wa mashamba, alikuwa anasoma orodha ya familia sitini zilizogawiwa ardhi bonde la Mwasanga. Namba arobaini na moja ilikuwa ya Nyanzala, mjane wa Kisukuma mwenye watoto watano. Kamati ilimpitisha tangu Machi na kila mjumbe alikumbuka. Badala yake likasomwa jina la Malale, shemeji yake.

Watu wakaguna. Nyanzala hakulia. Alisimama akauliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Nani kanifuta?"

Swali hilo likafika mezani kwa Inspekta Mwamvita kabla ya adhuhuri. Mwamvita alikuwa mpelelezi wa wilaya, mwanamke wa Tabora, mnene, mwenye maneno machache na asiyependa kukimbizwa. Alimchukua Koplo Masele wakaenda ofisi ya mradi.

"Orodha ilikuwa inakaa wapi?" aliuliza.

"Humu, afande." Method aligonga kwa kidole kompyuta ndogo ya kukunja. Ilikuwa mtumba, ililetwa na padri mmoja kutoka Ubelgiji, na pembe moja ilikuwa imebandikwa gundi.

"Nani anaifungua?"

"Karani wangu, Getrude. Ukiiwasha tu, kabla ya lolote, inadai neno la siri. Aliliweka mwenyewe na analijua peke yake."

"Iwashe."

Method akaiwasha. Kompyuta ikanguruma, ikafunguka moja kwa moja. Haikudai neno lolote.

"Umeona?" Method alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ameliondoa. Na wa kuliondoa ni yule anayelijua. Sasa tazama faili lenyewe lilibadilishwa lini mara ya mwisho."

Mwamvita akainama. Kioo kilionyesha tarehe ya Alhamisi, na mbele yake 11:20.

"Saa tano na dakika ishirini," alisema.

"Asubuhi. Mimi Alhamisi niliondoka alfajiri kwenda Inyonga, nikarudi saa kumi jioni. Dereva yupo, muulizeni."

Dereva akaulizwa, na kweli ilikuwa hivyo. Alhamisi saa tano asubuhi ofisini alikuwepo Getrude peke yake. Basi, kesi ikaonekana nyepesi kama unyoya, na Getrude akaletwa kituoni akiwa na mtoto mgongoni.

"Alhamisi saa tano ulikuwa wapi?"

"Ofisini, afande."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Unafanya nini?"

"Naandika barua za mradi kwa mkono."

"Una kompyuta, halafu unaandika kwa mkono?"

"Haifunguki. Nimesahau neno la siri."

Koplo Masele akaangua kicheko. "Aka! Mama, mtu anasahau jina la mumewe? Neno umelitunga mwenyewe, halafu likupotee!"

"Nimekaa likizo ya uzazi siku themanini na nne," Getrude alijibu. "Mtoto halali, na mimi silali. Niliambiwa neno la siri haliandikwi popote, nikatii. Jumatatu nimerudi kazini, nimekaa mbele ya ile mashine, kichwa cheupe kabisa. Nimejaribu majina ya ukoo mzima."

"Mbona bosi wako kaiwasha mbele yangu na haikudai neno?"

Getrude alikodoa macho. "Haiwezekani."

"Nani alijua kwamba umelisahau?"

"Yeye tu. Nilimwambia Jumatatu ileile. Nilimwomba asiwaambie watu, nilikuwa naona aibu. Akasema nisijali, atatafuta fundi."

Method alipoulizwa alikana. Hajaambiwa kitu. Lilikuwa neno la bosi dhidi ya neno la karani, na karani hakuwa na kitu mkononi. Mwamvita alikuwa amelea watoto wanne. Aliwahi kuacha maharage yakichemka jikoni, akaenda sokoni kununua maharage. Alimwamini Getrude kwa moyo, lakini moyo haupelekwi mahakamani. Alichokuwa nacho ni saa tano na dakika ishirini, na saa hiyo ilimfunga Getrude.

Getrude akawekwa ndani. Mtoto alikuwa ananyonya, kwa hiyo akaingia naye.

Jumanne ilikuwa siku ya kupelekwa mahakamani, saa nne. Tangu asubuhi Nyanzala alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi na kibuyu cha maziwa.

"Umekuja kumwona aliyekufuta?" Masele alimuuliza kwa Kisukuma, naye akajibu kwa lugha hiyohiyo.

"Anasema nini?"

"Anasema huyo binti ndiye aliyemwandika. Alimuuliza jina mara tatu ili asikosee. Anasema mtu wa namna hiyo hafuti. Maziwa ni ya mwenye mtoto."

Mwamvita alikitazama kibuyu. Alikwenda kwenye meza yake kuandika orodha ya vielelezo. Kielelezo cha kwanza, kompyuta moja ya kukunja, iliyotumika, rangi nyeusi. Akaiwasha ili aandike kwamba inafanya kazi. Pembeni mwa kioo, chini, kulikuwa na saa. Alitaka kuandika na muda, akasoma 3:07.

"Saa tatu na dakika saba," alinong'ona, akaandika.

Kalamu ikasimama. Alitazama saa yake ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, kama unavyokuwa kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi.

"Masele, njoo hapa. Saa ngapi?"

Masele akatazama mkono wake. "Saa tatu na kitu, afande."

"Mshale uko wapi?"

"Kwenye tisa."

"Sasa soma hapa."

Masele akasoma. "Tatu na saba. Si ndiyo hiyohiyo?"

"Si hiyohiyo, mtani. Saa zote duniani zinaonyesha tisa, sisi tunasema tatu. Kutoka kwa mzungu mpaka kwa mhindi, namba ni tisa. Hii inaonyesha tatu yenyewe. Imerekebishwa na mtu anayeiweka saa kama anavyoitamka."

Masele akahesabu kwa vidole. "Basi iko nyuma saa sita."

"Saa sita kamili. Kwa hiyo ile 11:20 ya Alhamisi ilikuwa saa ngapi hasa?"

"Ongeza sita." Masele alifika kidole cha mwisho, akapiga mluzi. "Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni! Lahaula! Na Method alirudi saa kumi."

"Na Getrude?"

"Alitoka saa tisa na nusu kupeleka mtoto kliniki. Nesi wa zamu alishatuambia, tukaona haituhusu."

"Tulikuwa wajinga," Mwamvita alisema. "Haya, mwambie mwendesha mashtaka anisubiri mpaka mchana. Halafu niambie, Mpanda hii nani anaweka saa namna hiyo?"

Masele hakuwa na haja ya kufikiri. Majengo nzima ilimjua Mzee Safari, fundi saa na redio. Kibandani kwake zilining'inia saa kumi na tatu, na zote zilionyesha saa kama inavyosemwa mdomoni. Ukipeleka saa yako kwake bila kumwonya, unarudishiwa iko hivyo, na ukilalamika unapewa mawaidha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Naona umevaa saa ya uongo."

Mwamvita alicheka bila kutaka. "Uongo gani?"

"Jua limechomoza saa kumi na mbili, sivyo? Saa moja baadaye ni saa moja. Kwa nini mshale usimame kwenye saba? Nyie mmezoea kudanganywa asubuhi na mapema."

"Mzee, kuna kompyuta ndogo ilipita hapa?"

"Ilipita Jumatano iliyopita, saa kumi na moja jioni."

"Ilikuwa na tatizo gani?"

"Neno la siri limesahaulika. Ukiiwasha inasimama kama mlinzi mlangoni, haikuruhusu. Nikaifungua mgongo. Ndani kuna kibetri kidogo, ndugu yake na hiki cha saa ya mkononi. Hicho ndicho kinachoikumbusha mambo ikizimwa. Nikakitoa, nikanywa kahawa yangu, nikakirudisha. Looo! Ikawa imesahau neno. Imesahau na tarehe, inadai ni mwaka 1980."

"Ukafanyaje?"

"Nikaipa tarehe na saa. Kitu chenye saa hakitoki kibandani kwangu kikisema uongo." Mzee alijinyoosha. "Mwenyewe alikuwa na haraka, anatazama barabarani tu, wala hakuona. Kwani nimekosea?"

"Hujakosea hata kidogo, mzee. Nani aliileta?"

"Si yule bwana wa mradi, Method. Alisema ni ya karani wake, amejifungua, kichwa kimemruka. Nikamhurumia huyo binti, sikumtoza kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Saa tano na nusu Method alikuwa ameketi mbele ya Mwamvita, shati limepigwa pasi vizuri.

"Ile kompyuta uliwahi kuipeleka kwa fundi?"

"Hapana."

"Mzee Safari unamjua?"

"Namsikia tu."

"Alhamisi saa kumi na moja na dakika ishirini jioni ulikuwa wapi?"

"Jioni?" Method aliuliza. "Faili linasema asubuhi, afande."

"Faili linasema lilivyofundishwa." Mwamvita alimgeuzia kompyuta. "Soma saa hapo. Kisha soma ya ukutani."

Method akasoma hapa, akasoma pale. Alirudia mara ya pili. Kisha mlango ukafunguliwa na Masele akamwingiza Mzee Safari, akiwa bado na bisibisi sikioni.

"Ndiye huyu," mzee alisema. "Hajambo karani wako?"

Method alifunika uso kwa viganja.

"Nilipoiona ile saa Jumamosi, nilidhani Mungu kanisaidia," alisema. "Nilibadilisha jioni, mashine ikaandika asubuhi. Sikujua kwa nini, na sikuuliza."

"Malale alitaka nini?"

"Alitaka kumrithi Nyanzala baada ya kaka yake kufa. Mwenyewe mjane akakataa. Akipata shamba kwa jina lake hatamhitaji tena shemeji. Asipopata, atarudi tu na watoto."

"Na wewe ulipata nini?"

"Ng'ombe watatu." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Wakwe zangu wa Karema walimchukua mke wangu na mwanangu. Walisema mpaka mahari ikamilike. Mwanangu anaanza kutembea, afande, sijamwona hata hatua moja. Getrude aliponiambia amesahau neno, nikaona njia. Nilijua akisema amesahau hakuna atakayemwamini."

"Alikuomba umfichie aibu yake."

"Ndiyo."

Mwamvita alimwagiza Masele aende kumkamata Malale, na kabla ya hapo akafungue mahabusu. Nje walisikia komeo likivutwa, kisha sauti ya Nyanzala na ya Getrude, zote mbili kwa pamoja, na mtoto akilia kwa kushtuliwa usingizini.

Method aliinua kichwa akasikiliza.

"Ulijua yumo ndani na mtoto?" Mwamvita aliuliza.

"Nilijua."

"Amelala sakafuni siku ngapi?"

"Tatu."

"Umehesabu?"

"Kila usiku, afande."

Mwamvita akamsogezea karatasi na kalamu. "Na hilo nalo liandike."