Shibe Iliyoua Samaki

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, mshonaji alimsikia baba mkwe wake akiongea bustanini. Hakuwa na mtu. Alikuwa na samaki wa bwawani.

"Mmeamkaje, wanangu? Kuleni."

Akawatupia mkate. Saa nne, mkate. Alasiri, mkate tena. Bwawa lile dogo lilichimbwa na marehemu mkewe. Tangu azikwe, mzee hakuwa na maongezi na mtu mwingine.

Maji yakageuka kijani, yakanuka. Mzee akayamwaga yote. Akasugua bwawa kwa sabuni, akajaza maji ya bomba. Kesho yake samaki watano kati ya tisa walielea, matumbo juu.

Mzee alikaa ukingoni. Chai ikapoa.

"Baba, tulifukie tu bwawa hili," mshonaji alisema. "Tupande mboga."

"Nifukie na mimi basi."

Maneno yale yalimchoma kuliko sindano. Akamwita jirani yao, fundi wa mtambo wa maji. Mtaani walimwita Matone.

Matone alichota maji kwa kiganja, akanusa.

"Mzee, unawalisha mara ngapi?"

"Kila wakiniangalia."

"Samaki hana kope, mzee! Atakuangalia mpaka kiama!"

Mzee akacheka, bila kutaka.

"Mkate unaobaki huoza," Matone akaeleza. "Majani yanayodondokea humo nayo huoza. Hapo maji huchafuka na samaki hukosa hewa. Wape chakula chao cha dukani mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha kwa dakika mbili. Opoa majani. Sabuni, marufuku. Na maji ya bomba yana dawa. Sisi hatudhuriki, lakini huunguza matamvua, pale samaki wanapopumulia. Yaweke kwenye pipa wazi siku mbili kwanza. Tena usimwage yote. Kila wiki, badilisha ndoo moja tu katika kumi."

"Na hawa wanne?"

"Leo tuwape maji ya mvua kutoka pipa langu."

Matone alipoondoka, mzee akauliza polepole, "Sasa asubuhi nitawaendea na nini?"

Mshonaji alikata pazia jepesi kuukuu, akalishonea kwenye duara la waya, akatia mpini.

"Na hiki, Baba. Majani yanakusubiri."

Mwezi ukapita. Maji yaling'aa hadi yakaonekana mawe meupe aliyoyapanga marehemu. Samaki wote wanne walikuwa wazima.

Asubuhi moja mzee aliweka wavu chini, akachukua mkate wake, akaukata vipande viwili.

"Mkwe wangu, acha hiyo cherehani," aliita. "Njoo tule. Hawa wameshakula."

Mshonaji akatoka na chai, ingali moto.