Dawa ya Mkeo Iko Tayari

"Mke gani huyu?"

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anatoka kuoga, taulo kiunoni, povu bado sikioni. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu ya mumewe mkononi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na hata asubuhi hiyo ya Jumamosi alikwisha anza kazi.

"Mke gani nini tena?"

"Usinijibu swali kwa swali. Sikia." Akausoma ujumbe kwa sauti. "'Habari Mwalimu. Dawa ya mkeo ya mwezi wa tatu iko tayari, pita dukani uichukue.' Mimi sinywi dawa yoyote. Kwa hiyo yuko mke mwingine anayeumwa, na wewe ndiye unayemtibu."

Mwalimu akakaa kitandani. Mwanamume mwenye kimada akibanwa huruka kimanga, akaapa hadi kwa marehemu bibi yake. Huyu hakukana. Alitazama vidole vya miguu yake tu, na hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli.

"Ana nini ambacho mimi sina?"

"Hakuna mwanamke mwingine."

"Nitajie tu jina, yaishe."

"Mke ni wewe. Dawa unakunywa wewe. Wiki ya nane sasa. Naitia kwenye chai ya asubuhi."

Laiti angesema ana kimada, ingekuwa nafuu.

Fundi alikuwa hodari wa nguo za watoto, ila kichwa chake mwenyewe kilikuwa hakimwamini. Akimaliza kigauni, wazo linamjia kwamba amesahau pini kwenye pindo, na pini hiyo itamtoboa mtoto wa watu. Anahesabu pini zake: arobaini. Anahesabu tena. Anafumua pindo, anashona, anafumua. Siku moja aliwafuata wateja hadi kwenye sherehe yao, akamvua mtoto mchanga nguo mbele ya wageni. Pini haikuwepo. Wakambandika jina la Bi Fumua, naye akacheka nao, kisha akaenda kujifungia chooni kulia.

Daktari alimwambia ni maradhi, yana jina na yana dawa. Fundi alikataa katakata. "Dawa ikinituliza nitazembea," alisema, "na nikizembea, pini itabaki." Cheti kikatupwa kwenye droo. Hofu nayo ikahamia jikoni: akawa anaiogopa mikono yake mwenyewe, inayoshinda na pini, isije ikaangusha moja chakulani, hata kisu cha mkate akakiachia mumewe. Duniani alibaki mtu mmoja tu ambaye angempa kitu akala bila kukichunguza. Mtu huyo sasa alikuwa amekaa kitandani na taulo lake.

"Nilikuwa nakunywa kwa mkono wako nimefumba macho," Fundi akasema.

"Ulikuwa unakwisha mbele yangu! Mifupa ilikuwa inahesabika. Ningekaa nikuangalie?"

"Nilikwambia sitaki dawa. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Na ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Juzi nilimaliza sare kumi na nne bila kufumua hata moja. Nilikukimbilia nikakwambia, mume wangu, nimejishinda mwenyewe. Ukafanya nini?"

Mwalimu alifuta macho kwa ncha ya taulo. "Nilikukumbatia."

"Ulinikumbatia na siri yako kifuani. Umeniibia hata furaha ile. Iko wapi hiyo dawa?"

Aliitoa kabatini, ndani ya kiatu cha kazini. Vilibaki vidonge viwili. Fundi alivitazama kwa chuki, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na hasira tu, bila pini yoyote kichwani. Alitaka kuvitupa chooni amkomoe. Badala yake akampigia daktari.

"Daktari, samahani kukuamsha. Mume wangu amekuwa akinitilia ile dawa kwenye chai. Kwa siri, wiki ya nane sasa."

"Pole sana, dada. Hilo ni kosa kubwa, na nitamwambia mwenyewe. Mwili ni wako, uamuzi ni wako. Ila ukitaka kuacha usikate ghafla. Njoo Jumatatu tupunguze taratibu."

"Na nikiendelea? Si nitakuwa mzembe?"

"Katika wiki hizi nane, umesahau pini ngapi?"

Fundi aligeuka akalitazama kopo la pini kando ya cherehani. Alitaka kuongopa, akashindwa.

"Hata moja."

Alipokata simu, Mwalimu alikwisha nyanyuka kwenda kumletea maji.

"Usiguse glasi!"

Aliyachota mwenyewe. Aliinua glasi kwenye mwanga akaikagua, akaikagua tena. Kisha akaweka kidonge ulimini na kumeza. Mwalimu alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante, mke wangu. Kwa hiyo umenisamehe?"

"Pakia nguo zako. Nenda kwa dada yako."

"Si umeimeza mwenyewe? Sasa kosa langu ni lipi?"

"Bado hulijui?"

Alipakia polepole, akitarajia kuzuiwa. Hakuzuiwa.

"Nani atakupikia? Wewe kisu chenyewe unakiogopa."

"Nitapika nikiogopa hivyo hivyo."

"Nilifanya kwa mapenzi. Mungu anajua."

"Hata mimi najua. Nakupenda, na ndiyo maana inaniuma hivi." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha. "Lakini siwezi kulala na mtu ambaye nikisema hapana anangoja nigeuke."

Mwalimu alibeba begi hadi mlangoni, akasimama, akacheka kicheko kikavu.

"Miezi miwili nyuma usingeweza kubaki peke yako hata usiku mmoja. Hizo nguvu za kunifukuza zimetoka kwenye dawa hiyo hiyo niliyokupa mimi."

"Ndiyo," Fundi akasema, akimfungulia mlango. "Ndiyo maana nitaendelea kuimeza."