Matairi Manne ya Nikolausi

Ndugu zangu wa Endasak, na ninyi wa Hirbadaw na Balangdalalu mnaosimama kwangu kujaza upepo, kaeni kidogo. Mimi ni Hilary, fundi wa matairi. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo sitawapamba kwa maneno. Nitasema lililotokea katika nyumba ya rafiki yangu Nikolausi, na sitajificha, maana na mimi nimo.

Nyumba ile ilikuwa ya amani. Asubuhi ukipita ungemkuta Oliva, mke wa Nikolausi, tunayemwita Mama Agatha kwa jina la binti yake, akifuta vioo vya kirikuu yao, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho wengi wenu mnakijua. Mama mkwe wake, Bibi Fausta, alikuwa amekaa kwenye kigoda juani, shuka limemfunika mabega, akichambua maharage na kumtania mkwewe.

"Unalifuta kama unalipeleka kanisani kubatizwa," angesema.

"Likiwa safi, mama, wateja hawaniombi punguzo."

Oliva ndiye aliyekuwa dereva. Baba yake kule Dongobesh aliendesha lori miaka mingi, akamfundisha binti yake, na leseni anayo. Nikolausi yeye hakujua kuendesha. Alijaribu mara moja, akaingia kwenye banda la mbuzi, akashuka na hakupanda tena upande wa usukani. Lakini kadi ya gari ilikuwa na jina lake, na jambo lolote la kununua lilikuwa lake. Huku kwetu mnajua. Mwanamke atalima, atavuna, atapakia, ila kwenda mnadani kuchagua na kupatana bei ni kazi ya mwanaume. Na Nikolausi alikuwa fundi wa kupatana bei. Watu walimwita waende naye wakitaka kununua ng'ombe. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula.

Mwaka jana, maharage yalipoanza kuvunwa, Oliva alikuja kwangu. Nikayakagua matairi yote manne. Mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha kabisa, yamebaki vipara. Ya nyuma yalikuwa bado na uhai.

"Nunua mawili tu," nikamwambia. "Mapya, ya bei ya kawaida. Usitafute yale ya juu wanayofunga wenye magari ya watalii, hayo si ya kwako. Ila yawe ya kubeba mzigo, na yawe ya karibuni. Hayo ya nyuma yatakufikisha mpaka msimu ujao, utanunua mengine mawili."

"Dukani Katesh yapo?"

"Yapo. Nimeyaona."

Alifurahi. Fedha ya mawili alikuwa nayo kwa kuuza maharage ya kwanza. Akaenda nyumbani, akamkabidhi mumewe kama ilivyo desturi, akamweleza yote niliyosema.

Nikolausi hakwenda dukani Katesh. Alikwenda mnadani.

Alirudi na bodaboda, matairi manne yamefungwa nyuma kama mkungu wa ndizi, kelele zake zimemtangulia. "Hilary! Toka nje uone! Mke wangu kanituma mawili, nimeleta manne! Yule muuzaji alikuwa anatoka jasho. Nimembana mpaka akasema, mzee, chukua uende zako."

Watu wakakusanyika, wakamsifu. Mimi nikachukua tairi moja nikaliinamia. Kwa juu lilipendeza. Kashata zake, zile ngozi nene zinazoshika barabara, zilikuwa nzima kabisa, na lote limepakwa kitu cheusi cha kung'aa. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikafuta ubavuni. Chini ya weusi ule kulikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Nikatafuta zile namba nne ambazo kila tairi linazo. Nikazikuta: 3609.

"Nikolausi, njoo uone. Hizi mbili za mwanzo ni wiki, hizi za mwisho ni mwaka. Tairi hili lina miaka kumi na tano. Lilikaa mahali bila kutembea, ndiyo maana kashata ni nzima, lakini mpira umekufa. Na ni la gari dogo la kubeba watu. Halikutengenezwa kwa magunia."

Nikaona uso wa Nikolausi umebadilika. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya waliokuwa wakimsifu.

"Wewe wa darasa la tano unanifundisha kusoma?"

"Sikufundishi. Nakuonyesha."

"Una wivu tu. Ungetaka ninunue huko dukani upate chochote kwa mwenye duka. Nani hapa aliwahi kuona Nikolausi akiibiwa mnadani?"

Akalisukuma tairi miguuni kwangu.

"Basi funga. Au nimpelekee fundi mwingine?"

Ndugu zangu, hapo nilipaswa kusema, mpelekee. Sikusema. Nilifunga yote manne kwa mikono hii, nikajaza upepo. Yale mawili ya nyuma, yaliyokuwa bado na uhai, alimpa mwenye bodaboda badala ya nauli.

Siku ya tatu Oliva akaja kwangu peke yake. Hakushuka. Injini ilikuwa inanguruma.

"Shemeji, nikuulize. Tairi hizi ni nzima? Nikifika kwenye lami usukani unatetemeka."

Nilijua jibu. Lakini nikawaza, haya ni mambo ya mtu na mke wake, nikisema nitaleta ugomvi ndani ya nyumba ya watu, na Nikolausi amekwisha kuniita mwenye wivu. Nikajifanya natafuta spana.

"Muulize mume wako, Mama Agatha. Yeye ndiye aliyenunua."

Akanitazama kidogo. Kisha akaondoka.

Wiki ile ile, siku ya Alhamisi, alipakia magunia sita ya maharage kwenda Katesh. Bibi Fausta alipanda mbele, upande wa abiria, maana macho yalikuwa yanamsumbua na alitaka kuonwa na daktari. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, lami inachemka. Kwenye mteremko tairi la mbele kushoto likapasuka. Walioona wanasema mlio ulikuwa kama wa bunduki. Gari likavutwa kushoto, likaingia mtaroni, likalala ubavu, upande ule ule aliokaa mama.

Bibi Fausta alikufa pale pale. Oliva alivunjika paja la kushoto, akapelekwa hospitali hata hajui kama mama mkwe wake ni mzima au amekufa.

Mama tulimzika Jumamosi. Nikolausi alilia kama mtoto, na hakuna aliyemlaumu kwa kulia. Lakini kwenye matanga maneno yakaanza. Mwenye sauti kubwa alikuwa Benedikta, dada yake Nikolausi.

"Mwanamke na usukani wapi na wapi! Nilisema tangu mwanzo. Alikuwa anakimbia kama mwenda wazimu, amemuua mama yangu."

Kila mtu alimtazama Nikolausi. Neno moja lake lingetosha. Nikolausi alitazama chini, hakulitoa. Ikapangwa kwamba Jumatatu ukoo utakaa, na wazo lililokuwa midomoni mwa wengi lilikuwa hili: Oliva akitoka hospitali aende moja kwa moja kwa baba yake Dongobesh, na watoto wabaki.

Jumapili nikaenda hospitali. Oliva alikuwa amelala, mguu umevutwa kwa kamba na uzito. Nikampa pole. Jambo la kwanza aliloniuliza:

"Watoto wamekula?"

"Wamekula. Wako kwa jirani."

"Wanasema nilikimbia?"

"Wanasema."

Akatazama dari. "Mama alikuwa ananicheka njia nzima. Akaniambia, endesha basi, hata kuku wanatupita. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho." Halafu akageuza uso kwangu. "Shemeji, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua yeye hatanijibu."

Nilishika ukingo wa kitanda, na machozi yakanitoka mbele ya wagonjwa, mwanaume wa miaka hamsini. Yeye hakulia.

Nilipotoka pale nilikwenda kwa askari wa usalama barabarani aliyeandika ajali, nikampa maelezo yangu. Nikamwomba tairi lile nikalionyeshe kwa ukoo, akakubali, nilirudishe mara baada ya kikao.

Jumatatu walikuwa wamekaa chini ya turubai, wazee mbele, wanawake pembeni. Nilisalimia, shikamoo wazee, nikaliviringisha tairi lile lililopasuka mpaka katikati. Nikasema kama ninavyowaambia ninyi. Nani alinunua. Nilimwambia nini. Nani aliyafunga. Oliva aliniuliza nini na mimi nilimjibu nini. Nikamaliza: "Kama mnatafuta wa kumfukuza, anzeni na mimi. Mama Agatha ndiye mtu pekee ambaye hakuchagua tairi hili."

Benedikta akainuka taratibu. Nilidhani anakuja kunipiga kofi. Akapiga magoti kwenye tairi, akapitisha kidole kwenye nyufa, akabandua kipande cha mpira kwa ukucha. Kilitoka kama gome la mti.

"Kaka," akasema, "ng'ombe ukimnunua mnadani unamtazama wapi?"

Nikolausi hakujibu.

"Nakuuliza. Unamtazama wapi?"

"Mdomoni."

"Kwa nini?"

"Nijue umri wake."

"Hata akiwa mnene?"

"Hata akiwa mnene."

"Na hili ulilompandisha mama yangu juu yake?"

Nikolausi akavua kofia, akaiweka chini. Akasema akiwa amekaa, sauti haisikiki vizuri: "Nilionyeshwa. Namba nilionyeshwa. Niliona aibu mbele ya watu. Mama nimemuua mimi. Mke wangu mwacheni."

Kikao hakikuwa na la kuamua tena. Wazee walisema Oliva atarudi nyumbani kwake, na Nikolausi atakwenda Dongobesh kwa wakwe zake kusema mwenyewe kwa mdomo wake jinsi binti yao alivyovunjika na jinsi yeye alivyonyamaza mkewe akisingiziwa. Alikwenda. Nilimsindikiza. Baba yake Oliva alitusikiliza mpaka mwisho, akatuambia tunywe chai, yeye akatoka nje na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Oliva alitoka hospitali baada ya miezi mitatu. Mguu umekuwa mfupi, na hauna nguvu ya kukanyaga klachi. Kirikuu kiliuzwa kama chuma chakavu. Maharage ya mwaka huu waliyapakia kwenye gari la watu, na wanayouza yanaishia kwenye nauli ya mzigo.

Nilikuwepo siku Nikolausi alipomwomba msamaha mbele ya katekista. Alipiga magoti kabisa. Oliva alikuwa amekaa, magongo yameegemea ukuta.

"Nimekusamehe," akasema. "Nasema kweli, wala sina kinyongo. Lakini mama yako aliniita mwanangu miaka kumi na minne, na wewe hukuniacha nimzike. Nilikuwa kitandani kule, ninyi mkimtupia udongo mnasema nimemuua. Hilo, Baba Agatha, sijui utanilipaje. Mimi mwenyewe sijui."

Katekista alifunga kitabu chake. Tukatoka.

FUNZO

Ndugu zangu, tairi zuri si lile la bei kubwa. Lipo la bei ya mtu wa kawaida, na linatosha kabisa kwa safari zetu za kila siku. Kama fedha ni ya mawili, nunua mawili yaliyo mazima, usinunue manne yaliyokufa. Angalia namba ya mwaka. Futa ubavu uone nyufa. Uliza kama ni la kubeba mzigo. Anayekukataza kufuta, mwachie mali yake.

Lakini hilo ni dogo. Bibi Fausta aliuawa na kiburi cha mwanaume aliyeona afadhali mama yake apande tairi bovu kuliko watu wajue amedanganywa mnadani. Kila mmoja wetu anadanganywa sokoni. Kuambiwa si aibu. Na anayekaa kwenye usukani asikilizwe, awe mume au mke, kwa sababu mwili ulio mle ndani ni wake.

La mwisho ni langu mimi, na ninyi mnaofanya kazi kama yangu. Siku hizi nikiona tairi bovu simwambii mwenye gari tu. Namwambia na mkewe, namwambia abiria, namwambia mama aliyebeba mtoto kiti cha nyuma. Wengine wananiita mmbea, wameacha kuja kwangu. Waende. Mtu akikuuliza kama yuko salama, na wewe unajua kwamba hayuko, mwambie pale pale, hata kama mume wake amesimama na jiwe mkononi.