Tumbawe Lililohama

Fundi cherehani wa mlango wa pili aliapa kuwa ameliona kwa macho yake mawili. Alikuwa amefuata mkasi wake kwa jirani, sebule haina mtu, na ndani ya tangi la kioo lile tumbawe hai la marehemu Mama Chiriku lilikuwa limehama. Jana lililala mchangani, leo liko juu ya jiwe! "Lina miguu?" aliwauliza wateja. "Yule mama hajaondoka, jamani. Amerudi kutunza kilicho chake."

Chiriku, binti wa marehemu, aliyepewa jina hilo kwa kusema sana, alikuwa akifagia mlangoni. Leo ulimi ulimganda. Yeye ndiye aliyelipandisha karibu na taa ili rafiki zake walione vizuri. Mama alikuwa akimwambia, "Hili halishiki mwamba kama mengine. Kitanda chake ni mchanga." Mchana tumbawe likavimba kama kawaida yake, likajikwaruza kwenye jiwe, likaanguka. Ngozi yake ya kijani ilichanika, mfupa mweupe ukachungulia.

Baba, fundi wa majokofu, aliporudi alikuwa ameshausikia uvumi. Alilitazama jeraha, akavuta kigoda mbele ya kioo.

"Mama Chiriku," alinong'ona, "nimekosa nini? Maji nabadilisha, chumvi napima. Niambie basi."

Ikawa hivyo kila jioni, chakula kikipoa mezani. Chiriku akaanza kuogopa kupita sebuleni. Pampu ya tangi ikikoroma, alisikia mtu akivuta pumzi. Hata shuleni, sauti ya baba ilimfuata: niambie basi, niambie basi.

Jioni moja baba alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono majini. "Kama ulitaka likae juu, mke wangu, nalirudisha juu."

"Baba, usilipandishe!" Chiriku alipiga kelele. "Litachanika tena! Ni mimi niliyeliweka pale. Mama hakuja."

Mkono wa baba ulisimama ndani ya maji.

"Hakuja?"

"Hakuja, baba."

Baba alililaza tumbawe mchangani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Ngozi ilichukua wiki nyingi kuufunika mfupa. Siku fundi cherehani alipokuja kuchungulia, alisema, "Lakini mimi niliona!"

"Macho yako yaliona sawa, jirani," baba alimjibu. "Mdomo ndio ulioongeza."

Alipoondoka, baba alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, kosa la mkono lina dawa. Ila ulinyamaza, nikawa namtafuta asiyekuwepo, na kidogo niliue tumbawe lililokuwepo. Ukikosea, sema mapema."

"Nimesikia, baba." Chiriku alikitazama kigoda, ambacho sasa kilikuwa kimeegeshwa ukutani. "Lakini usiache kuongea na mama. Tafadhali. Hata nilipoogopa, na mimi nilikuwa namsikiliza."

Baba alikivuta kigoda mbele ya kioo. Pampu iliendelea kukoroma.