Matakia ya Mtaroni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uluriak alimpelekea Bibi chai na mkate wa kukaanga, nyumba ya pili kutoka kwao. Bibi alimpokea kwa maneno yale yale: "Umechelewa, mume wangu." Uluriak alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, lakini alirithi jina la marehemu babu yake, baba wa mama yake, na kwa desturi ya mji wao wa kaskazini kwenye theluji, mwenye jina ndiye mwenye heshima zake. Hata mama yake, Siasi, alimwita Baba, na hakuna aliyeona ajabu.

Asubuhi hiyo ya Juni alimkuta Siasi naye kwa Bibi, kavaa buti za kazi, uso umemshuka. Siasi ndiye aliyesimamia maji katika yadi ya matangi ya dizeli ya mgodi. Theluji ya miezi minane, iliyodondokewa na mafuta ya malori, ilikuwa ikiyeyuka yote kwa siku chache, na maji yake yalikuwa na njia moja tu: mtaro unaoelekea mtoni. Kazi ya Siasi ilikuwa kulaza mtaroni matakia marefu meupe, yanayonyonya mafuta na kuacha maji yapite.

"Yanatakiwa manane, nimekuta sita," alimwambia Bibi. "Niliyaweka stoo kwa mikono yangu. Msimamizi ananiuliza yamekwenda wapi. Mengine mpaka yaje kwa ndege, na kwa ukungu huu ndege labda Alhamisi."

"Na maji?"

"Maji yatamngoja nani? Adhuhuri yatakuwa mtaroni."

Uluriak aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeyachukua. Mwezi wa nne, siku ya mashindano ya kuvua kwenye barafu, aliyaona kupitia mlango wa stoo ulioachwa wazi, akakumbuka jinsi Bibi anavyolalamikia mgongo sleji yake, gari la kukokotwa juu ya theluji, inaporukaruka. Akayatandika mawili chini ya ngozi ya kulungu wa kaskazini, pale anapokaa Bibi. Hakuona kwamba ni wizi, aliona magodoro. Lakini mama yake alikuwa amemkataza kukanyaga ile yadi, kwa hiyo alinyamaza, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Sasa aliogopa sana. Siasi hakuwahi kumfokea. Nani amfokee baba yake? Angemtazama tu, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Kisha akawafikiria samaki wekundu walioanza kushuka mtoni kwenda baharini, kitoweo cha mji mzima.

"Mama," alisema, "yako kwenye sleji ya Bibi. Niliyachukua mimi."

Bibi akaangua kicheko. "Kumbe! Nami mwaka huu nikajisifu kwamba kiuno kimerudia usichana."

Siasi hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akainuka. "Twende, Baba. Mwalimu nitamweleza. Msimamizi utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Msimamizi, Bwana Nuqinga, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Takia moja lilikuwa zima. La pili lilipasuka ubavuni, pamba zinatoka.

"Bibi yako ndiye mshonaji bora wa viatu vya ngozi hapa," alisema. "Amekufundisha?"

"Kidogo."

"Basi hicho kidogo chako kinatosha. Keti hapo ushone."

Uluriak alishona mpaka vidole vikamuuma, na Bwana Nuqinga akamfumulisha mara mbili. Matakia yote manane yalikuwa yamelala mtaroni maji meusi yalipofika, yaking'aa rangi za mafuta. Maji yakagota kwenye takia la kwanza, likageuka kahawia. Upande wa pili wa lile la nane yalitoka maji ambayo chini yake kokoto zilionekana.

"Mama, umenisamehe?"

"Tangu uliposema," Siasi alijibu. "Hata ungesema kesho, ningekusamehe. Lakini kesho mafuta yangekuwa mtoni, na msamaha wangu usingeweza kuyatoa. Kosa lisemwe lingali linatengenezeka, Baba."